Gita Zito kwa Anayejua Muziki Tayari
Mwongozo wa kuchagua na kujifunza besi, kwa wanamuziki wa Palma, Mocímboa da Praia hadi Pemba

Mwongozo huu haukuandikwa kwa mtoto anayeshika chombo mara ya kwanza. Ni wako wewe uliyekwisha kukesha kwenye harusi nyingi za pwani hii ukipiga gitaa la solo, kinanda, tumba au dufu, na sasa unataka kuongeza besi: gita zito, kama waandishi wa muziki wa Tanzania wanavyopenda kuliita, au viola baixo kama utakavyoulizwa dukani Pemba. Muziki unaujua. Kazi iliyo mbele yako ni kujizuia kupiga mambo ambayo tayari unayaweza, na nitalirudia hilo mpaka ulichoke, maana ndipo wazoefu wengi wanapokwama.

## Kwa nini besi, na kwa nini wewe

Sababu ya kawaida ni ya kikundi. Vijana watatu wanagombea solo, mmoja ana kinanda, wapiga ngoma wako tele, na hakuna anayetaka kusimama nyuma na nyuzi nne. Anayekubali hupata kazi haraka.

Lakini kuna sababu ya sikio pia. Uzi mzito kabisa wa besi ukiachwa wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Inatoa tu sauti za juu zinazoambatana nayo, na ubongo unajaziliza. Wengi wetu tumezisikia nyimbo za Mlimani Park Orchestra na Msondo Ngoma kwenye simu kwa miaka, tukaimba kila neno la solo, bila kuisikia sawasawa besi inayoibeba. Kwa hiyo usianze na duka. Anza na vifaa vya masikioni au spika kubwa ya jirani, na nyimbo unazodhani unazijua. Utashangaa.

Wala usidhani sauti nzito ni ngeni kwetu, imekuja na umeme. Katika kidumbak ya Zanzibar, pamoja na fidla na vile vingoma viwili, kuna sanduku: boksi la mbao lililofunikwa, fimbo, na uzi mmoja. Mpigaji huvuta fimbo kubadili sauti. Huko Zavala, kusini mwa Msumbiji, kundi la timbila la Wachopi lina chikhulu, timbila kubwa yenye vibao vichache tu vya sauti nzito kabisa. Tanga nako, miaka ya 1970, Black Star Musical Club waliingiza magitaa ya umeme, pamoja na besi, ndani ya taarabu. Yaangalie yote matatu, sanduku, chikhulu na besi ya Tanga, utaona noti ni chache na kila moja ina mahali pake.

Kubadili chombo ukiwa mtu mzima nako kuna rekodi nzuri. King Michael Enoch alikuwa mpiga gitaa la solo wa Dar es Salaam Jazz Band kabla ya kujulikana Mlimani Park kwa saksafoni na kwa kupanga muziki. Paul McCartney wa The Beatles alikuwa mpiga gitaa. Mwaka 1961, mpiga besi wao alipoondoka, yeye ndiye aliyeichukua nafasi. Hapa Msumbiji tulikuwa na Gito Baloi, mzaliwa wa Maputo, aliyepiga besi huku akiimba katika kundi la Tananas la Afrika Kusini, na aliyeuawa Johannesburg mwaka 2004. Msikilize hasa kama wewe ni mwimbaji. Kundi lilikuwa la watu watatu tu, gitaa, ngoma na besi, kwa hiyo besi yake haina pa kujificha.

Jiulize kabla ya kutoa pesa

- Nikishika besi, nani atapiga chombo changu cha kwanza? Kama hakuna, kikundi kimehamisha pengo tu.
- Tunapiga nini zaidi: rumba na sebene, taarabu ya kisasa, kwaya, au nyimbo za tufo zilizotiwa magitaa?
- Nina spika gani, na umeme wa uhakika kiasi gani?
- Je, nitaridhika usiku mzima lisipotajwa jina langu kwenye kipaza sauti?

Swali la mwisho nimeliweka kwa makusudi. Kama jibu ni hapana, bakia na solo yako kwa amani.

## Kuchagua chombo

Nitasema maoni yangu wazi: nunua besi ya nyuzi nne, isiyohitaji betri, yenye shingo iliyofungwa kwa skrubu. Sababu zake ni hizi.

Nyuzi nne. Besi ya nyuzi tano ina uzi wa ziada mzito zaidi, unaoshuka hadi mitikisiko 31 kwa sekunde. Spika nyingi za kukodi kwenye harusi haziwezi kuutoa. Zinatoa mngurumo usioeleweka. Tena seti ya nyuzi tano ni ghali na ni adimu zaidi.

Bila betri. Besi nyingi za kisasa zina saketi ndani yake inayotumia betri ya volti 9, ile ya mraba. Betri ikiisha katikati ya wimbo, besi imekufa. Pemba utaipata, ukiwa Quionga usiku wa harusi, sidhani.

Shingo ya skrubu. Kwa kawaida ni skrubu nne nyuma, pale shingo inapokutana na mwili. Shingo ikipinda au kuvunjika, unabadilisha shingo. Na ukilazimika kusafiri kwa pikipiki au jahazi, unaweza kulitenganisha gitaa likaingia kwenye mfuko wa kawaida. Usifanye hivyo kila wiki, maana matundu ya mbao hulegea. Ila watu wengi wa pwani hii wamehama na kurudi, wengine zaidi ya mara moja, tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Chombo kinachobebeka kina thamani ambayo duka haliiandiki kwenye bei.

Ndefu au fupi? Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Fupi ni inchi 30, sentimita 76. Kwenye gitaa la kawaida, kutoka kidaraja cha juu hadi freti ya kwanza ni kama milimita 36. Kwenye besi fupi ni 43, kwenye ndefu ni 48. Mpiga gitaa mwenye viganja vidogo atafurahia fupi. Lakini nyuzi za besi fupi ni ngumu kupata, na uzi wa besi ndefu ukikatwa vibaya huanza kufumuka. Kama mkono wako unaweza, chukua ndefu.

Rangi, jina lililoandikwa kichwani, umbo la pembe: hayo yaache.

### Kukagua la mtumba

Mengi utakayoyakuta Pemba, Nampula, Mtwara au Kariakoo yamekwisha kupigwa na wengine. Si vibaya, mbao iliyotulia ni bora kuliko mpya iliyokaushwa haraka. Fuata mpangilio huu, na usimruhusu muuzaji akupigie yeye:

1. Shingo. Bana uzi mzito kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Unene wa kadi ya simu au pungufu ni sawa. Pengo kubwa, au uzi kulala kabisa juu ya freti, maana yake shingo imepinda.
2. Chuma cha ndani ya shingo. Kama imepinda, omba ufunguo wake ujaribu kuzungusha robo tu ya mzunguko. Kikizunguka kwa ulaini, shingo inarekebishika. Kikigoma au kikizunguka bila kushika, achana na gitaa hilo hata likishushwa bei.
3. Kila freti, kila uzi. Piga moja moja, polepole. Noti inayokufa au kukwaruza inaonyesha freti iliyolika au kuinuka.
4. Freti ya 12. Linganisha sauti ya uzi wazi na ya freti ya 12. Ya pili iwe ileile, juu kwa ngazi nane. Ikipishana kidogo, daraja linarekebishika. Ikipishana sana na daraja limefika mwisho, ni tatizo.
5. Umeme. Chomeka, zungusha vidude vyote, tikisa jeki. Mkwaruzo unaopotea baada ya kuzungusha ni vumbi. Sauti inayokatika ni waya. Fundi redio yeyote ataichomea.
6. Kutu. Angalia skrubu za daraja. Pwani hii chumvi hula skrubu ndogo kwanza, na zikishagandiana hutaweza kurekebisha urefu wa nyuzi tena.

Kidaraja cha juu kikiwa kimevunjika, usikatae gitaa kwa sababu hiyo. Mchonga mpingo mzuri, na Wamakonde hawajawahi kupungukiwa nao, anaweza kukuchongea kingine kwa mpingo au mfupa akiwa na cha zamani cha kufuatisha. Mpingo huohuo wa misitu yetu ndio unaotengenezewa klarineti za dunia nzima. Kazi ya kubeba nyuzi nne haitaushinda.

Nunua seti mbili za nyuzi siku hiyohiyo. Na risiti uitunze pamoja na gitaa, hasa kama unavuka Ruvuma nalo kwa Namoto au kwa Daraja la Umoja kule Negomano. Forodhani, gitaa lisilo na karatasi huleta maswali.

## Majina ya nyuzi: kabla hamjagombana

Msumbiji noti huitwa kwa Kireno, Do, Re, Mi. Bendi za Tanzania hutumia herufi. Ukipiga pande zote mbili za mto, jifunze yote mawili:

| Uzi | Palma na Pemba | Mtwara na Dar | Mitikisiko kwa sekunde |
|---|---|---|---|
| wa 4 (mnene) | Mi | E | 41 |
| wa 3 | La | A | 55 |
| wa 2 | Re | D | 73 |
| wa 1 (mwembamba) | Sol | G | 98 |

Ni majina yaleyale ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, chini kwa ngazi nane.

ANGALIZO. Mwanakwaya wa Mtwara akisema "do" mara nyingi anamaanisha noti ya nyumbani ya wimbo, vyovyote ilivyo juu au chini. Mtu aliyesoma muziki kwa Kireno akisema "Do" anamaanisha C, siku zote. Ulizaneni kabla ya kuanza. Besi ikikosea hapo, wimbo wote umekosea.

Programu za simu za kutyuni mara nyingi hushindwa kuusikia uzi wa Mi. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, piga, uondoe kidole: sauti ya juu inayolia ndiyo simu itaisikia.

## Umeme na spika

Usichomeke besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa na kuifungua sana. Karatasi ya spika itachanika, si leo basi kesho. Kwa mazoezi ya nyumbani, amplifaya ndogo ya besi yenye tundu la vifaa vya masikioni inatosha, na itakuokoa na majirani. Ukinunua Tanzania, kumbuka plagi za huko, zile za vyuma vitatu vya bapa, haziingii kwenye soketi za Msumbiji. Nunua adapta nzima yenye waya wa ardhi.

HATARI. Usikate wala kung'oa mguu wa waya wa ardhi ili plagi iingie. Mpiga besi anayeimba anashika nyuzi za chuma huku midomo ikigusa kipaza sauti. Umeme ukivuja, mwili wake ndio waya. Ukihisi mdomo unakuchonyota, acha kupiga papo hapo, zima kila kitu ukutani, itafutwe soketi nyingine. Jenereta likiyumba, amplifaya iwe nyuma ya stebilaiza.

Na umeme usipokuwepo? Piga bila umeme. Kaa, kisha egemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati au meza ya mbao: mbao itatetemeka na utajisikia vizuri kabisa. Nusu ya mazoezi yaliyoandikwa hapa chini hayahitaji amplifaya.

## Umetoka na chombo gani?

Hapa ndipo mwongozo wa mzoefu unapoachana na wa anayeanza. Kila chombo kinakuachia mkono na sikio la namna yake.

Gitaa la solo au la kati. Shingo unaijua, ndiyo maana wewe ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote. Utapiga besi kama gitaa lenye nyuzi nene: noti nyingi, juu ya freti ya 7, ukijaza kila pengo mwimbaji anapovuta pumzi. Dawa yake ni kali lakini inafanya kazi. Mwezi mzima usivuke freti ya 5, na weka palheta sandukuni. Ukiwa na neno la kusema kwenye pengo, kaa kimya, msikilize mwenzako wa solo akilisema.

Kinanda. Sikio la kodi unalo (za muziki, si za serikali), na mkono wako wa kushoto umezoea kupiga besi. Tatizo lako ni urefu wa noti: kwenye kinanda unaachia kidole na sauti inakatika yenyewe, kwenye besi inaendelea mpaka uizime. Tatizo la pili ni ukarimu. Utaongeza noti ya tatu ya kodi kule chini kabisa, na matokeo yake ni tope. Noti mbili pamoja kwenye nyuzi nene, usithubutu.

Ngoma, tumba au dufu. Ninyi ndio wapiga besi bora, na nasema bila kupepesa macho. Mtu aliyeshika dufu kwenye tufo anajua kwamba madufu manne yanaongea kwa zamu. Aliyepiga kwenye mapiko anajua kumfuata mchezaji, si kumburuza. Mnachokosa ni majina ya noti na ya maeneo kwenye shingo. Hilo ni la kukariri tu. Chora shingo kwenye karatasi, ibandike ukutani, jifunze freti tano za kwanza za kila uzi.

Fidla, udi au uimbaji. Mmezoea kubeba wimbo wenyewe. Mtauona upweke. Mwenye udi atateseka kidogo na freti, kwa sababu zinamnyang'anya sauti za katikati ya noti, akubali tu.

## Mazoezi ya miezi mitatu

Dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni ni bora kuliko saa mbili za Jumapili. Vidole vitauma hata kama vimeshakomazwa na gitaa. Nyuzi hizi ni nene mara mbili na zaidi. Ngozi ikianza kufura maji, pumzika siku.

Kuhusu wakati wa mwaka, nina ushauri mdogo wa kipwani. Usianze besi mwezi wa Shaabani, harusi zikiwa zimebanana na kila mtu anakuhitaji kwenye chombo chako cha zamani. Anza Ramadhani ikiingia. Kazi za muziki zitakuwa zimesimama, una vifaa vya masikioni, na mwezi mzima hakuna atakayekuita.

### Mwezi wa kwanza: kupiga na kuzima

1. Mkanda. Ukae, gitaa likae vizuri pajani. Funga mkanda hivi kwamba ukisimama libaki urefu uleule. Besi inayoning'inia magotini ni ya picha.
2. Mkono wa kulia. Kidole gumba kipumzike juu ya pikapu. Shahada na cha kati vipige kwa zamu, kila kimoja kikitua juu ya uzi unaofuata. Weka metronomu ya simu kwenye 60, noti moja kwa kila pigo, uzi wazi. Fumba macho: kama unaweza kubaini kidole kipi kimepiga, bado.
3. Kuzima. Piga noti kwenye pigo la 1, iache ilie pigo la 2, izime haswa pigo la 3 linapogonga. Unazima kwa kulegeza kidole cha kushoto bila kukitoa juu ya uzi. Kisha izime kwenye pigo la 2. Kisha katikati ya la 1 na la 2. Zoezi hili halina raha hata kidogo, nalo ndilo lililo muhimu kuliko yote katika mwongozo huu. Wachezaji uwanjani hucheza kwa pale noti inapokatika, sawa na pale inapoanza.
4. Mkono wa kushoto. Katika freti tano za kwanza usitumie kidole kimoja kwa kila freti kama kwenye gitaa. Nafasi ni pana, mkono utakaza na kuuma. Tumia shahada, cha kati na kidogo kwa eneo la freti tatu, cha pete kikisaidia kidogo. Ndivyo wapiga kontrabasi wanavyofanya tangu zamani.
5. Umbo la mkono. Kutoka noti yoyote ya nyumbani: noti ya tano iko uzi mmoja mwembamba zaidi, freti mbili mbele. Ngazi ya nane iko nyuzi mbili mbele, freti mbili mbele. Noti ya nne iko uzi unaofuata, freti ileile. Umbo hilo halibadiliki popote shingoni.

Lijaribu hivi. Sol: uzi wa Mi, freti ya 3. Do: uzi wa La, freti ya 3. Re: uzi wa La, freti ya 5. Kwa maeneo hayo matatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za pwani, na mkono wako haujasogea.

### Mwezi wa pili: kukaa na ngoma

Tafuta mtu wa ngoma, mmoja tu, bila gitaa wala mwimbaji. Kama hakuna, rekodi ngoma kwenye simu. Mna mazoezi mawili.

La kwanza ni la rumba. Hesabu hadi nane kwa usawa, na piga kwenye 1, 4 na 7 tu. Noti ya nyumbani kwenye 1, ya tano kwenye 4, ya nane kwenye 7. Rudia dakika kumi bila kuongeza kitu. Mkishakaa pamoja, ondoa ile ya 1, uanzie kwenye 4. Utasikia uwanja ukifunguka. Wapiga besi wa Kongo hutumia sana mapengo ya namna hiyo. Baadaye msikilize Ngouma Lokito wa Soukous Stars kwenye sebene, uone noti zinavyozunguka ngoma badala ya kuikanyaga.

La pili ni la ngoma za mwendo wa sita, zilizojaa pwani yote. Hesabu hadi sita. Mguu ugonge 1 na 4. Vidole vipige 1, 3 na 5. Kisha badilisha: mguu 1, 3, 5, vidole 1 na 4. Aliyetoka kwenye dufu atacheka kwa urahisi wake. Aliyetoka kwenye kinanda atatoka jasho. Vyote viwili ni vya kawaida.

Jirekodi kila wiki, simu ikiwa karibu na spika, na usikilize siku inayofuata, si papo hapo. Papo hapo sikio bado linajipendelea.

### Mwezi wa tatu: nyimbo nzima

Chagua nyimbo sita ambazo kikundi chenu kinazipiga kweli. Kwa kila moja: imba besi kwa mdomo kwanza, kisha iguse kwenye gitaa, kisha iandike kwa majina ya noti. Usichoweza kuimba hukijui bado. Ongeza mapambo mwishoni kabisa, moja kwa kila ubeti, na kama mwenzako wa ngoma hakulitambua pambo hilo, liondoe.

Makosa ninayoyasikia mara kwa mara

- Kupandisha sauti ya besi kwa sababu hujisikii. Sogea mita mbili mbele ya spika. Sauti nzito huwafikia wasikilizaji kuliko wewe uliyesimama pembeni yake.
- Kukimbia sebene inapopanda moto. Besi ikikimbia, hakuna wa kuizuia.
- Kuacha nyuzi zisizopigwa zikilia chinichini. Laza vidole vya kushoto juu yake.
- Kumfuata mwimbaji anapochelewesha maneno kwa madaha. Yeye anaruhusiwa, wewe huruhusiwi.
- Kubadilisha nyuzi kila mwezi kama za gitaa. James Jamerson wa Motown alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike.

## Chumvi, jua na safari

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, na chini yake pia. Usiegemeze gitaa kwenye ukuta unaopigwa na jua au chini ya bati. Joto la mchana na unyevu wa usiku vitaikunja shingo. Masika yakija shingo husogea kidogo. Robo ya mzunguko wa kile chuma inatosha, kisha subiri siku nzima kabla ya kugusa tena.

Nyuzi zikifa sauti na pesa hakuna, zitoe, zikunje mviringo mpana, zichemshe kwa maji matupu dakika kumi hivi. Grisi ya vidole itatoka na zitarudi na ung'avu kwa muda. Zikaushe kabisa juani kabla ya kuzirudisha, la sivyo zitashika kutu kutokea ndani. Ujanja huu unafaa mara mbili au tatu, baada ya hapo ni kujidanganya.

Kwenye chapa, besi haipandi juu ya gari. Ikae katikati ya miguu yako, kichwa juu. Kwenye chombo cha baharini, mfuko wa plastiki uliofungwa mdomo, ndani ya mfuko wa gitaa. Na safari za usiku kwa ajili ya kuwahi kazi, katika hali ya barabara zetu, kataa. Mwenye harusi atakuelewa.

## Kabla ya usiku wa kwanza

- Tyuni ukiwa palepale utakapopigia, baada ya gitaa kuzoea joto la mahali.
- Kubaliana na mpiga ngoma ishara mbili: ya kuingia sebene na ya kumaliza.
- Waulize wenye spika kama besi inaweza kupita kwenye mashine yao moja kwa moja, uache amplifaya yako kwa kujisikia tu.
- Waya mmoja wa akiba, na seti ya pili ya nyuzi mfukoni.
- Wimbo wa kwanza uwe ule wenye noti chache kuliko zote mlizonazo. Mwombe mmoja asiyepiga kitu asimame mwisho wa uwanja, akupungie mkono juu au chini mpaka sauti ikae sawa.